Mrija wa Filomena

Bastola ya askari wa zamu ililia mchana kweupe mbele ya duka la vocha, na aliyeshtuka kuliko wote alikuwa askari mwenyewe.

Alikuwa akifanya mzaha wa walinzi wote wa Sumbilo: unamwelekezea rafiki bastola, unavuta kifyatulio, mnacheka. Tangu vita viishe, bastola za mji ule zilikuwa chuma kitupu, watu wakizitumia kupondea karanga na kugongea misumari. Sasa rafiki yake, muuza maji, alikaa chini taratibu, akajishika shingo, na damu ikamtoka katikati ya vidole ikaingia kwenye ndoo yake ya viroba. Askari akaitupa bastola. Akaanza kumwita mwenzake kwa jina, tena na tena, akimwambia aache mchezo, watu wanatazama.

Watu hawakuwa wakimtazama. Wote waligeukia mnara. Taa iliyowaka kijani miaka yote ya amani ilikuwa imegeuka njano.

"Figo ya Mkuu," mama mmoja muuza maandazi akasema. "Imelegea."

Kila mtu akakimbilia kwake, na wengi wao walirudi barabarani na silaha.

Kwa asiyelijua bonde lile, amani yake ilikuwa imehifadhiwa ndani ya matumbo ya watu wawili. Zamani ndugu wa kuchanjiana walikatana chale kifuani, wakalambana damu, yakaisha. Lakini vita vya visima vya heliamu kati ya Sumbilo na Kalezi viliua watu mpaka makaburi yakachimbwa kwa greda, na baada ya hapo tone la damu likaonekana ni masihara. Basi Nswima, Mkuu wa Sumbilo, na Filomena Kauzeni, Mkuu wa Kalezi ng'ambo ya mto, walitolewa figo zao zote. Moja ya kila mmoja ikachomwa moto mbele ya umati. Ya pili akawekewa mwenzake. Nswima akaishi kwa figo ya Filomena, Filomena akaishi kwa figo ya Nswima, na ndani ya kila figo ikapandwa punje ndogo kuliko mbegu ya ulezi, ya kupima mkojo unavyotiririka na kuuarifu mnara. Mnara ndio ulioshika makufuli ya silaha. Figo zote mbili zikifanya kazi, silaha zote zimelala, za huku na za huko. Moja ikilegea, bunduki zinaamka. Ikifa, vinaamka vyote, hata nyuki wa chuma waliofungiwa mapangoni, ambao mara ya mwisho kuruka walimaliza kata nzima kabla ya chai.

Hiyo ndiyo waliyoiita Yamini. Aliyeibuni alikuwa na akili nyingi na hakuwa na huruma hata kidogo.

*

Dakta Tulinagwe alichukuliwa kutoka zahanati kwa pikipiki, akiwa bado na glavu mikononi. Aliyeendesha alikuwa Desideria, dada yake Nswima na kamanda wa walinzi wa mji, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi.

Yamini ilitaka daktari wa Wakuu asiwe wa Sumbilo wala wa Kalezi, ndiyo maana Tulinagwe alitolewa Tukuyu akaletwa kwenye joto hili. Alikuwa amewazoea watu wa mji huu. Aliwapenda hata. Sasa aliwaona wakimburuta fundi cherehani wa Kikalezi kutoka kibarazani kwake, watu aliowashonea sare za shule za watoto wao, na mmoja akampiga kwa kitako cha bunduki mdomoni, kisha akamgeuzia mtutu.

"Simamisha!" Tulinagwe alipiga kelele. "Desideria, simamisha!"

"Ukishuka hapa utamwokoa mmoja, kama utamwokoa," Desideria alijibu bila kugeuka. Mlio wa risasi ukawafikia wakiwa wamekwishapita kona.

Nyumba ya Mkuu ilikuwa na chumba chake cha matibabu, kikubwa kuliko zahanati ya mji. Humo mlikuwa na kitanda cha upasuaji, mashine ya kusafisha damu iliyofunikwa kwa shuka safi, na juu darini mashine ya mikono minane waliyoiita Pweza, ambayo ingemwezesha daktari mmoja kufanya kazi ya watu watano. Nswima alikuwa amekaa kitandani, uso umevimba, miguu imejaa maji. Kando yake alisimama Kipeta, mlinzi wake tangu vitani, na bunduki yake mkononi.

"Shikamoo, Mkuu," Tulinagwe alisema, kwa sababu hata siku kama ile kuna mambo hayaachwi.

"Marahaba, daktari. Sikukuita. Ni huyu dada yangu. Lakini karibu."

Alimruhusu ampime. Tulinagwe alipitisha kipimo cha ultrasaundi juu ya ngozi, chini kulia mwa kitovu, pale figo ya kupandikizwa inapokaa, na picha ikaja kwenye kioo. Figo ilikuwa imetuna. Mkojo ulikuwa umejaa ndani yake na hauna pa kwenda. Aliufuata mrija unaoshuka kutoka kwenye figo kwenda kibofuni, akaendelea kuufuata, na mrija hauishi. Ulikuwa umejikunja tumboni humo kama kamba ya kisima, na mwishoni kabisa, sehemu ndefu iliyogusa kibofu, ulikuwa umesinyaa hadi hata uzi usingepita.

Hasira ilimpanda kichwani.

"Nani aliacha mrija wote huu?"

"Wote," Nswima alisema. "Wazee wa pande zote mbili walisimama pale wapasuaji walipokuwa wakifanya kazi. Walihakikisha hakuna kilichobaki kwenye sinia."

Mrija wa figo hulishwa damu kutoka juu, kwenye figo yenyewe. Unapozidi kushuka, damu inazidi kupungua. Ndiyo maana mpasuaji anayejua kazi huukata ukawa mfupi, akashona kibofuni ile sehemu iliyoshiba. Lakini watu wa bonde lile hawapunguzi kitu cha ndugu. Akikupa kuku, unampokea na manyoya yake. Akikupa kitambaa, hukikati mbele ya macho yake. Wangewezaje kukata figo ya Yamini? Wakaacha mrija wote kwa heshima, ukakaa tumboni na ncha yake ikifa njaa taratibu, ikajaa kovu, ikaziba. Watu hawa wana adabu mpaka inaua.

"Mkuu, hakuna sumu hapa. Kalezi hawajakufanya kitu," Tulinagwe alisema. "Njia imeziba tu. Leo nikuchome sindano, nitoe mkojo kwa nje, figo ipumue. Kuna madaktari hupitisha kipira cha kuvimba kikapanua njia, lakini kovu refu hivi litarudi. Dawa yake ni kukata hii ncha iliyokufa. Mrija wako mwenyewe wa kuzaliwa bado umo, umekaa bure tangu figo yako ichomwe. Nitaunganisha sehemu nzima ya mrija wa Filomena na huo wako. Utapona."

"Sitaki."

"Kipi hutaki?"

"Vyote."

Kwa mbali, upande wa daraja, bunduki zilikuwa zikijibizana. Ila Tulinagwe alipotega sikio alielewa kwamba hazikuwa zikijibizana. Zililia za upande mmoja tu.

"Umejua siku nyingi," alisema.

"Siku nyingi. Mkojo ukianza kuwa shida, mwanamume hahitaji mnara kumwambia." Nswima alivuta pumzi kwa tabu. "Vijana wangu wako darajani, silaha mkononi. Za Kalezi ziko maghalani, wanatafuta funguo za milango. Figo ikifa, nyuki wangu watakuwa wamesharuka kabla wao hawajafuta vumbi. Mimi nitakaa kwenye mashine hii. Yamini inasema nisiiue. Haisemi niitibu."

"Watakufa watu wangapi?"

"Mwanangu aliuawa pale darajani, daktari. Hawakunipa hata mkono wake nizike. Kisha nikapewa figo ya aliyetoa amri, nikaambiwa nishukuru. Kila asubuhi nakojoa kwa hisani ya Filomena. Wewe unajua hiyo ni nini? Hujui. Basi niachie mwili wangu. Ni wangu huu. Nimesema sitaki, na wewe kwa kazi yako unalijua neno hilo."

Alilijua. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kumgusa mtu aliyesema sitaki. Aliwahi kumwacha mama mmoja afe kwa neno hilo, akalia wiki nzima, na hakujuta. Aliziangalia glavu mikononi mwake na kwa mara ya kwanza akatamani angekuwa mtu wa kazi nyingine yoyote.

*

Desideria alikuwa ameegemea mlango muda wote ule.

"Kaka," alisema. "Sabela yuko ng'ambo. Nyumba yake ni ya tatu kutoka darajani. Ana mimba."

"Alijichagulia mume."

"Ni mwanangu."

"Na mimi nilikuwa na mwana."

Desideria akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeulizia bei akaambiwa. Akachomoa bastola, akampiga Kipeta risasi ya shingo.

Kipeta hakuanguka mara moja. Alijaribu kuinua bunduki yake, mkono ukakataa, akamwangalia Desideria kwa mshangao wa mtu aliyekula naye ugali sahani moja. Risasi ya pili ilimwingia jichoni. Damu ilirukia shuka safi ya mashine. Nswima, na uvimbe wake wote, aliruka kutoka kitandani akamkaba dada yake koo, wakaenda chini pamoja, wakagonga sinia la vyuma vikatawanyika sakafuni. Alimng'ata kidole. Desideria alipiga ukelele, akamgonga kwa kitako cha bastola kwenye sikio, akamgonga tena, akamkalia kifuani na kumbana mikono kwa magoti.

"Daktari!" alipaza sauti. "Mchome!"

Tulinagwe alikuwa ameshika sindano ya usingizi. Hakukumbuka ameijaza saa ngapi.

"Amekataa, Desideria."

"Nimesikia! Mimi si kiziwi! Wamekataa na wale wa darajani pia, kuna aliyewauliza?"

"Akiguswa figo bila hiari yake, ataulizwa na mnara. Akisema hapana, bunduki zenu zinafungwa na za Kalezi zinafunguliwa. Mtachinjwa nyinyi."

"Hilo ni la baadaye. Mchome!"

Taa ya mnara, iliyoonekana dirishani, ilianza kupepesa. Njano ilikuwa inaelekea nyekundu. Nswima alikuwa akimtazama Tulinagwe, damu ikimtoka sikioni, na hakutukana wala hakuomba. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sitaki."

Tulinagwe akapiga magoti akamchoma sindano ya bega.

Nitasema wazi: hakufanya hivyo kwa sababu ya hesabu ya watu. Wako watakaomtetea kwa hesabu, kwamba mmoja ni mdogo kuliko elfu. Yeye alikuwa akimfikiria fundi cherehani peke yake, aliyepitwa na pikipiki. Hakuweza kupitwa mara ya pili, basi. Kama hilo ni sababu au ni udhaifu, yeye mwenyewe hakujua.

Walimnyanyua kitandani wakamfunga mikono na miguu kwa mikanda. Pweza alishuka kutoka darini, mikono yake ikakunjuka, na ile sauti yake laini ya kike ikauliza kama inavyouliza kabla ya kila kazi: "Mgonjwa ameridhia?"

Desideria aliangalia pembeni.

"Ndiyo," Tulinagwe alisema.

*

Sindano ndefu ilipita kwenye ngozi, ikapita kwenye nyama, na Tulinagwe akiiongoza kwa kioo akaisikia inavyoingia ndani ya figo, kule kuachia kidogo ambako mkono hujifunza kukutambua baada ya miaka. Mkojo uliruka kwa nguvu ukamlowesha kifua. Ulikuwa mzito, una harufu. Alipitisha mpira mwembamba, akaufunga kwenye mfuko, na wote wawili wakasimama wakiutazama mfuko unavyojaa.

Nje, taa ilitulia kwenye njano. Ikabaki hapo. Kisha, taratibu, kijani.

Bunduki za darajani zilinyamaza zote kwa pamoja.

Desideria alitoa pumzi iliyokaribia kuwa kilio. Lakini ule ukimya haukudumu. Sauti nyingine ilianza kupanda kutoka mtoni, sauti ya watu wengi, na Tulinagwe alihitaji muda kuielewa. Bunduki zilikuwa zimelala, na waliozishika walikuwa bado wapo, uso kwa uso na waliokuwa wakiwapiga risasi. Sasa walikuwa na mapanga.

"Hawataacha mpaka wamsikie Mkuu," Desideria alisema. "Mwamshe."

"Akiamka na mpira huu ataung'oa kwa meno. Huu ni wa kuazima pumzi tu. Nikate ile ncha, niunganishe, nifunge. Hapo hatakuwa na cha kung'oa, labda ajipasue mwenyewe, na kujipasua ni kuua. Yamini haimruhusu." Alinyoosha mkono, na Pweza akampa kisu.

"Unakata nini?"

"Nilishasema. Ncha iliyokufa."

"Mrija wa Filomena?" Desideria alikuja karibu. "Hapana. Pitisha kile kipira. Panua. Usikate."

Tulinagwe alidhani hakusikia vizuri. Mwanamke huyu alikuwa amesimama ndani ya damu ya Kipeta, viatu vyake vimeacha alama chumba kizima.

"Desideria, ni nyama iliyooza. Haifikii urefu wa kiganja."

"Ni ya ndugu. Kuua ni kuua, nitajibu. Lakini zawadi ya Yamini haikatwi, mbele yangu haikatwi!" Alimwelekezea bastola usoni. Kidole kilichong'atwa kilikuwa kikidondosha damu.

"Taa ni ya kijani," Tulinagwe alimkumbusha. "Hiyo ni ya kupondea karanga sasa."

Desideria aliitazama bastola. Akaiweka chini. Akaenda kwenye maiti ya Kipeta, akachomoa panga kiunoni mwake, akarudi akaliweka shingoni mwa daktari, baridi, chini kidogo ya sikio. Panga halijawahi kufungwa na mnara wowote.

"Pitisha kipira," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nakuomba, dada yangu. Usinifanye nikuue na wewe."

Tulinagwe alijua kwamba angefanya. Alijua pia kwamba kumweleza habari za damu na kovu ni kazi bure, kwa maana hao waliouacha mrija mrefu nao walielezwa. Hapo ndipo alipouliza swali ambalo wapasuaji wa Yamini, na elimu yao yote, hawakuliuliza.

"Mwenye zawadi akisema ikatwe?"

Panga halikuondoka, ila lilisita.

"Tumwite," Tulinagwe alisema. "Redio ile pale."

*

Filomena Kauzeni alipatikana baada ya kelele nyingi. Alikuwa darajani mwenyewe, na kila alipofungua mdomo redio iliingiza pia sauti za wanaume waliokuwa wakikatana nyuma yake.

"Mmetuua, Desideria! Mmewapiga watu wangu wakiwa mikono mitupu! Niko hapa na shangazi yangu hana uso!"

"Mama, huyu ni daktari," Tulinagwe aliingilia. Panga lilikuwa bado shingoni mwake, akaongea polepole. "Figo yako iliyo kwa Nswima haikuwekewa sumu wala haikukataliwa. Mrija wake uliachwa mrefu ukaziba. Nataka kuukata ncha. Hapa nimeambiwa haukatwi bila wewe."

Redioni mtu mmoja alipiga kelele za maumivu zikakatika katikati.

"Mimi nilimpa figo aishi," Filomena alisema. "Sikumpa kamba ya kujinyongea. Kata."

Panga lilishuka. Desideria alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akajifunika uso.

"Daktari," Filomena akaendelea. "Ndugu yangu mwenyewe anasemaje?"

"Amelala, mama."

"Sikukuuliza kama amelala."

Tulinagwe alikitazama kisu mkononi mwake. Ng'ambo ya mto, yule mwanamke aliyekuwa akiishi kwa figo ya Nswima alivuta pumzi ndefu, na ilikuwa wazi kwamba ameelewa.

"Basi ataulizwa," alisema. "Na tutamsikia wote. Nikisikia ameguswa kwa nguvu, na bunduki zangu zimefunguka, nisilaumiwe."

Redio ya Filomena ikazimwa. Tulinagwe akakata. Alifungua tumbo pale pale pa kovu la zamani, akaupandisha mrija kutoka kwenye mikunjo yake, akakata juu zaidi kidogo ya kovu mpaka ncha ikatoa damu nyekundu, damu hai. Akautafuta mrija wa kuzaliwa wa Nswima nyuma ya utando. Ulikuwa mwembamba, mweupe, mzima. Akaunganisha wa Filomena na wa Nswima, mdomo kwa mdomo, kwa uzi usioonekana vizuri kwa macho, Pweza akimshikia, na ndani ya kiungo akaacha kimpira cha kushikilia njia mpaka kipone. Ule mpira wa figoni akauchomoa, mfuko akauhamishia kwenye mpira wa kibofuni. Katikati ya kazi ile ya kuua na kuuana, mikono yake ilikuwa na furaha. Alijionea aibu kwa hilo, lakini ilikuwa kweli.

Kile kipande kilichokatwa kilibaki kwenye sinia, cha kijivu, kimejikunja. Desideria aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akakipokea kwa mikono miwili.

*

Nswima alifumbua macho jua likiwa bado kali. Kelele za mtoni hazikuwa zimekoma. Zilikuwa zimepungua, kwa sababu waliozipiga walikuwa wamepungua.

"Nina sauti yake," Desideria alinong'ona. "Hotuba zake zote. Pweza anaweza kuiga, mnara hautajua. Au mpe dawa kidogo, ya kumlegeza, aseme ninachomwambia. Daktari, saa nzima watu wanakatwa!"

"Hapana."

"Umemchoma akiwa amekataa, sasa ndiyo unaona haya?"

"Ndiyo," Tulinagwe alisema. "Sasa ndiyo naona haya."

Alimfungua Nswima mikanda, mkono wa kulia, wa kushoto, miguu. Desideria alimshika bega kumzuia, kisha akamwachia. Nswima aliinua mkono akagusa kitambaa kilichofunika tumbo lake. Akaugeukia mfuko ulioning'inia kando ya kitanda, mkojo ukishuka ndani yake, safi, rangi ya chai nyepesi. Mwili wake ulikuwa umepata nafuu na ulionyesha, hakuweza kuuzuia. Pumzi ilikuwa ikiingia vizuri. Uso ulikuwa unamrudia. Alilia kwa hasira.

"Mmekata?"

"Nimekata," Tulinagwe alisema. "Filomena ameridhia. Wewe hukuridhia. Nilikuchoma kwa nguvu na nikaidanganya mashine. Sasa kwa kuwa umeamka, mnara utakuuliza, na sitakuomba useme uongo kwa ajili yangu."

"Nikisema kweli?"

"Bunduki zenu zitafungwa. Zao zitafunguka. Unajua walichofanyiwa darajani leo."

"Vijana wangu wako pale."

"Wako pale."

Nswima alimtazama Kipeta sakafuni, kisha dada yake na kidole chake kilichofungwa kitambaa. "Ungekuwa wewe," alimwuliza daktari, "ungesemaje?"

"Sijui, Mkuu. Kwa kweli sijui."

Honi ya mnara ililia juu ya mji na juu ya mto. Watu walioinua mapanga waliyashikilia hapo hapo hewani, kwa maana kila mtu wa bonde lile aliijua honi ile. Redio ikajiwasha yenyewe, sauti ya mnara ikaja chumbani, na wakati huo huo ikasikika Sumbilo nzima na Kalezi nzima.

"Nswima, mwana wa Sumbilo, unayeishi kwa figo ya Filomena. Figo imeguswa. Je, ni kwa hiari yako?"

Desideria alikuwa ameuma kola ya shati lake. Redioni ilisikika pumzi ya Filomena, naye akisubiri, na kwa namna fulani ndani ya tumbo lake figo ya mtu huyu ilikuwa ikimchujia damu palepale aliposimama.

"Nswima," mnara ulirudia. "Ni kwa hiari yako?"

"Ndiyo," alisema. Akakohoa, akashika tumbo. "Mimi Nswima. Niliridhia. Nimetibiwa kwa hiari yangu. Vijana wa Sumbilo, wekeni mapanga chini mrudi nyumbani. Mlio hai, bebeni wafu. Wa kwetu na wa kwao."

Mnara ukazima honi. Taa ilibaki kijani. Kutoka mtoni haikuja shangwe yoyote. Walichosikia ni vyuma vikidondoshwa, huku na kule, na watu wakianza kuita majina.

Desideria alikimbia nje kwenda kumtafuta mwanawe.

Tulinagwe alibaki amesimama pale pale. Alitaka kusema asante, akaona ni neno la kipuuzi; alitaka kusema samahani, nalo likawa dogo. Kosa lake lilikuwa limefutwa mbele ya miji miwili, na hapakuwa tena na mtu wala baraza ambalo angeweza kwenda kulikiri, kwa maana kulikiri ni kuvirudisha vita.

Nswima aliifunga redio. Akahakikisha imefungwa.

"Lile ni la kwao," alisema. "Wewe nilishakupa jibu langu. Halijabadilika."

Mfuko wa mkojo ulikuwa umejaa, na kitambaa cha tumboni kilikuwa kimeanza kulowa damu upande mmoja. Tulinagwe alinyoosha mkono.

"Usiniguse," Nswima alisema, akageukia ukutani.

Alirudisha mkono. Akavua glavu, akavuta kiti, akakaa mbali kidogo na kitanda, akasubiri aitwe.